Luteni Cameron alijuaje kuwa Lualaba si Nile bila kuufuata mpaka baharini?

MdauRamani
Wakuu, habari zenu. Natayarisha makala kuhusu Verney Lovett Cameron, yule ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeondoka Bagamoyo Machi 1873 akatokea pwani ya Atlantiki, karibu na Benguela, Novemba 1875. Mambo ya jumla ninayo. Alizaliwa Radipole, Dorset, mwaka 1844, akaingia jeshini 1857 akiwa kijana wa miaka 13, akatumika katika vita vya Uhabeshi 1868 na kwenye doria za kuzuia biashara ya watumwa pwani yetu. Kisha Royal Geographical Society, jumuiya ya wanajiografia ya London, ikamtuma kumpelekea msaada Livingstone, mmisionari na mpelelezi.

Nimekwama penye mambo manne:

1. Baharia hupima nyota kwa kutumia mstari wa upeo wa bahari. Porini hakuna bahari. Alijuaje alipo?
2. Alisimama Nyangwe tu, mji wa soko kando ya Lualaba, akatamka kuwa Lualaba ni Kongo na si Nile. Kwa ushahidi upi?
3. Kwa nini hakuteremka na mto huo, ilhali mpelelezi Stanley aliweza miaka miwili baadaye?
4. Vitabu vingine vinasema ndiye aliyegundua njia ya maji kutoka Ziwa Tanganyika, vingine vinasema Stanley alimkanusha. Nani yuko sahihi?

Naomba majibu yenye vipimo, si sifa.

Nyuzi_na_Nyota
Naanza na la kwanza.

Upeo wa bahari hubadilishwa na upeo wa bandia. Ni kisahani cha chuma chenye zebaki, kilichofunikwa na paa dogo la vioo ili upepo usiitikise. Zebaki ikitulia inakuwa kioo kilicholala sawasawa. Mpimaji hutazama nyota angani na taswira yake ndani ya zebaki, akazileta pamoja kwenye sekstanti, kifaa cha kupimia pembe. Pembe anayosoma ni mara mbili ya kimo halisi cha nyota. Kwanza anatoa kosa la kifaa chenyewe, kisha anagawa kwa mbili, halafu anasahihisha mpindo wa mwanga hewani. Hiyo kugawa kwa mbili ina faida yake, maana kosa la kusoma nalo hukatika nusu.

Zebaki husafirishwa kwenye chupa ya chuma kwa sababu hushikamana na shaba na kuiharibu. Tena ni nzito mno: nusu lita inakaribia kilo 7. Ikimwagika njiani, kazi ya latitudo imekwisha hapo.

Tatizo ambalo waandishi wengi hulipita: sekstanti husoma hadi nyuzi 120 au 130 hivi. Kwa kuwa pembe huongezwa mara mbili, jua likizidi nyuzi 60 na kitu halipimiki tena. Sasa chukua Ujiji, karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Hata Juni, jua likiwa mbali kabisa kaskazini, saa sita mchana huwa kwenye kimo cha nyuzi 61 au 62. Miezi mingine yote liko juu zaidi. Kwa hiyo ule utaratibu wa kila siku melini, kupima jua la adhuhuri, huku bara hauna maana karibu mwaka mzima. Latitudo ilibidi itafutwe usiku kwa nyota, na mpimaji makini huchukua nyota mbili, moja ikipita kaskazini na moja kusini, zikiwa na vimo vinavyokaribiana. Kosa la kifaa huisogeza moja upande huu na nyingine upande ule, na ukichukua wastani linafutika.

Longitudo ndiyo iliyowatesa wote. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Ukiwa na saa inayotunza muda wa Greenwich, unapima jua asubuhi au alasiri likiwa chini upande wa mashariki au magharibi, unapata saa ya pale ulipo, na tofauti ya saa hizo mbili ndiyo longitudo. Lakini saa ya melini hulala kwenye sanduku lake imetulia. Ya msafarani hubebwa na mtu, inatikiswa kutwa, mchana joto, alfajiri baridi. Ikikosea sekunde 2 tu kwa siku, baada ya siku 60 imekosea dakika 2, na hiyo ni nusu digrii: kilomita 55 karibu na ikweta. Ramani nzima imehama na mpimaji hajui.

Ndiyo maana walitumia pia mwezi kama saa. Mwezi husogea kati ya nyota karibu nusu digrii kwa saa. Unapima umbali kati ya mwezi na nyota fulani, unalinganisha na almanaka ya mabaharia, unapata muda wa Greenwich bila kuitegemea saa yako. Gharama yake ni hesabu ndefu, na ukikosea dakika moja ya pembe umekosea tena kama kilomita 55. Dawa ni kurudia usiku baada ya usiku mahali pamoja na kuchukua wastani. Kwa hiyo, mkuu, unapozisoma longitudo zake, ziamini zaidi zile za vituo alivyokaa muda mrefu. Za njiani huwa zimeunganishwa kwa dira na makadirio ya mwendo.

Jambo moja la kuongeza kwenye makala: alipokuwa Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, alishikwa na homa na ugonjwa wa macho uliomfanya karibu asione kabisa kwa muda. Mtu anayesoma mistari ya sekstanti kwa mwanga wa taa, ukimwondolea macho umemwondolea kazi yake yote.

PimaMaji
Swali la pili ni tamu, na jibu la kawaida vitabuni ni nusu tu.

Cameron alikuwa na hoja mbili za vipimo. Ya kwanza ni kimo cha mahali. Alikadiria Lualaba pale Nyangwe uko futi 1,400 juu ya bahari, yaani meta 427 hivi, chini ya kimo kilichokuwa kinakubalika wakati huo cha Nile pale Gondokoro. Maji hayapandi mlima, basi Lualaba hauwezi kuingia Nile. Hii ndiyo inayonukuliwa kila mahali kwa sababu ni rahisi kueleweka.

Ya pili ni wingi wa maji. Aliandika kuwa Nyangwe, wakati wa kiangazi, hupita futi za ujazo 123,000 kila sekunde, wakati Nile pale Gondokoro ulihesabiwa 21,500. Kwa meta za ujazo ni kama 3,480 dhidi ya 610. Mto mkubwa hauwezi kuingia ndani ya mto ulio chini ya theluthi yake na ukapotea.

Mimi naona hoja ya pili ndiyo iliyobeba mzigo, na ya kwanza ilikuwa dhaifu. Sababu ni hii: kimo walikipima kwa kuchemsha maji. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na maji huchemka kwenye joto dogo zaidi, kama nyuzijoto 1 ya Selsiasi kwa kila meta 290 hivi. Nyangwe kwa hesabu yake maji yangechemka kwenye 98.5. Sasa angalia makosa yanavyoingia:

Kipimajoto kikikosea sehemu moja ya kumi ya nyuzi, umekosea meta 29. Kioo cha kipimajoto husinyaa kadiri kinavyozeeka, na alama ya sifuri husogea bila mtu kujua. Kizamishe ndani ya maji badala ya kukiweka kwenye mvuke, na uchafu wa maji unaongeza joto. Zaidi ya hapo, shinikizo la hewa katika nchi za joto hupanda na kushuka mara mbili kila siku: kilele cha kwanza kama saa nne asubuhi, kisha linashuka hadi alasiri. Tofauti hiyo peke yake inatosha kukuhamisha meta 20 na zaidi, usipojua shinikizo la pwani saa ileile.

Jumlisha hayo, halafu linganisha na kipimo cha mtu mwingine, kwa kifaa kingine, mwaka mwingine. Tunajua leo kuwa Juba, jirani na Gondokoro, iko kama meta 460, na Lualaba katika eneo la Nyangwe hauko chini ya hapo kwa namna ya kutegemewa. Miinuko hiyo miwili inakaribiana. Kimo peke yake hakingeweza kuamua kesi.

MdauRamani
Asante sana, mkuu. Lakini wingi wa maji nao si makadirio tu? Alipimaje mto mpana vile bila vifaa?

PimaMaji
Ni makadirio, lakini ni makadirio ya baharia, na hapo ndipo mafunzo yake yalipofaa. Wingi wa maji ni upana mara kina cha wastani mara kasi.

Upana: weka mstari ulionyooka ukingoni, upime urefu wake kwa kamba, kisha kutoka kila ncha pima pembe ya mti mmoja ng'ambo. Pembetatu inakupa upana. Kina: panda mtumbwi, ushushe bildi (risasi iliyofungwa kwenye kamba) kila baada ya umbali fulani, uandike kwa pima (pima moja ni kama meta 1.8). Kasi: achia kitu kinachoelea, hesabu sekunde kati ya alama mbili. Kosa la wanaoanza ni kuchukua kasi ya juu ya maji kuwa kasi ya mto wote. Chini na pembeni maji huburuta, hivyo kasi ya wastani ni kama asilimia 85 ya ile ya juu.

Sasa mtie Cameron makosani makusudi. Sema alizidisha kina kwa asilimia 20 na kasi kwa asilimia 20. Gawa 3,480 kwa 1.44, inabaki kama 2,400. Bado ni karibu mara nne ya Nile ya Gondokoro. Hiyo ndiyo tofauti ya hoja hizi mbili: ya kimo huanguka kwa kosa dogo, ya wingi husimama hata kosa likiwa kubwa.

Ongeza na jiografia. Mwaka 1870 Georg Schweinfurth alikuwa ameuona mto Uele, kaskazini ya huko, ukielekea magharibi. Lualaba ukitaka kwenda Nile ungelazimika kuukata Uele.

Alipokosea Cameron ni kwenye habari za kusikia. Aliambiwa kuna ziwa liitwalo Sankorra upande wa magharibi, akaliweka kwenye mfumo wa Lualaba. Ziwa hilo halipo. Kilichopo ni mto Sankuru, unaoingia Kasai. Ukiitazama ramani yake, tenganisha alichopima na alichoambiwa. Ubora wake haufanani hata kidogo.

Frasila_Mbili
Kuhusu Nyangwe na kwa nini hakuteremka na mto.

Jibu fupi: hakupata mitumbwi. Alifika Agosti 1874 akakuta wenye mitumbwi hawataki bidhaa alizokuwa nazo. Pale soko lilienda kwa kauri, mbuzi na watumwa, na kwa mitumbwi walitaka watumwa. Hilo asingeweza kulifanya. Alikuwa mtumishi wa jeshi lililokuwa likikamata majahazi ya watumwa baharini.

Jibu refu linaanzia Bagamoyo. Meli hubeba chakula chake. Msafara haubebi chakula, unabeba nguo na ushanga wa kununulia chakula. Mzigo wa mpagazi ni kama frasila mbili, yaani kilo 32. Ndani yake kuna merikani, kaniki, ushanga, waya wa shaba. Kila siku watu wanataka posho, na kila siku mizigo inapungua hata kama hamjasogea hatua moja. Ugogo kuna hongo ya kulipa kwa kila mtemi ili mpite na mpate maji. Mpagazi akitoroka na mzigo, umepoteza mtu na fedha kwa pamoja.

Kwa hiyo adui mkubwa wa msafara ni kusubiri. Na Cameron alisubiri sana. Alifika Unyanyembe Agosti 1873 na hakuondoka hadi Novemba, kwa homa na kwa kukosa wapagazi. Baadaye, kwa Kasongo, mfalme wa Urua, alikaa miezi na miezi, kuanzia mwishoni mwa 1874 hadi katikati ya 1875, akimngoja mfanyabiashara José Antonio Alvez aanze safari ya kurudi pwani ya magharibi. Kila wiki ya kungoja ni nguo zinazoliwa.

Tena fedha yenyewe haihami. Ushanga unaopendwa kijiji hiki, vijiji vitatu mbele ni takataka. Mfanyabiashara wa Kizanzibari alijua rangi gani inatakiwa wapi kwa sababu alipita njia hiyo kila msimu. Mgeni alinunua kwa kukisia.

Stanley alikuja 1876 na mambo matatu ambayo Cameron hakuwa nayo: mashua yake mwenyewe, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi, bunduki nyingi, na mkataba na mfanyabiashara Tippu Tip wa kumsindikiza mwendo wa vituo 60 kwa dola 5,000. Ndipo akatokea Boma Agosti 1877. Tippu Tip huyohuyo ndiye aliyemtoa Cameron Nyangwe, lakini kwa kumwelekeza kusini, kwenye njia za biashara alizozijua mwenyewe.

Kwenye makala yako usimsahau Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkuu wa watu wa msafara. Cameron anamlalamikia sana katika kitabu chake, ila kumbuka Bombay alikwishasafiri na Speke, Burton na Stanley kabla yake. Wala usimsahau Juma Merikani, mfanyabiashara aliyempokea na kumhifadhi kule Urua. Bila watu wa namna hii pasingekuwa na safari ya kuandikiwa.

Na safari hiyo ya mwisho na Alvez ieleze bila kuipaka rangi. Cameron aliandamana na msafara wa watumwa, akiwa hana njia nyingine. Aliandika kuhusu mtu mmoja wa kundi hilo, Coimbra, aliyeleta wanawake 52 waliofungwa pamoja, na akakadiria kuwa ili kuwapata viliharibiwa vijiji visivyopungua kumi, vyenye watu wapatao 1,500 kwa jumla. Ushuhuda huo ni mzito kuliko longitudo zake zote.

Mvuvi_wa_Lukuga
Namba nne naichukua mimi. Wote wawili walisema walichokiona. Aliyebadilika ni mto.

Cameron alikodi mashua mbili Ujiji, akazipa majina Betsy na Pickle, akazunguka sehemu ya kusini ya ziwa kuanzia Machi hadi Mei 1874. Alihesabu mito 96 inayoingia na mmoja tu unaotoka. Huo mmoja ni Lukuga, aliouingia tarehe 3 Mei. Mdomo wake ulizidi maili moja kwa upana, lakini karibu wote ulizibwa na fungu la mchanga lililoota majani, ukaacha mlango wa yadi 300 au 400. Aliteremka maili nne au tano hadi akazuiwa na majani yanayoelea. Pale alipokwama kina kilikuwa pima 3 na mkondo noti (maili za baharini kwa saa) moja na nusu, ukitoka ziwani.

Stanley alifika 1876 akakuta mkondo wa maana haupo. Akasema hiyo ni hori, na kwamba ziwa likipanda zaidi itakuwa mto. Ziwa likapanda kweli, kizuizi kikazolewa mwaka 1878, na mwaka uliofuata Edward Hore, naye baharia, akaukuta mkondo wenye nguvu ukielekea magharibi.

Sababu yake ni kwamba Tanganyika hupoteza maji mengi zaidi kwa jua kuliko kwa mto. Miaka ya mvua chache ziwa hushuka hadi usawa wa kizingiti cha Lukuga, mkondo unafifia, mchanga na matete yanaziba mlango. Ikija miaka ya mvua, maji hujilundika nyuma ya kizuizi hicho hadi kinapasuka. Cameron alifika mlango ukiwa umeziba nusu, Stanley umekaribia kufa, Hore umefunguka. Ukiandika "Stanley alimkanusha", andika na mwaka.

Nyuzi_na_Nyota
Masahihisho machache ya tarehe kabla hujachapisha, mkuu.

Habari ya kifo cha Livingstone ilimfikia Unyanyembe Oktoba 1873, kwa barua ya watu wa Livingstone iliyoandikwa na Jacob Wainwright. Cameron aliwashauri wauzike mwili palepale. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, wakakataa, wakaufikisha pwani, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Cameron pia alichukua baadhi ya vifaa vya kupimia vya marehemu, jambo linalolaumiwa hadi leo. Ujiji, Februari 1874, alikuta karatasi za Livingstone akazipeleka pwani.

Wenzake Wazungu walikuwa watatu. Robert Moffat, mpwa wa Livingstone, alikufa kwa homa Mei 1873 kabla hata ya kufika Unyanyembe. Daktari Dillon alijipiga risasi Novemba mwaka huohuo akiwa kwenye homa kali. Murphy alirudi pwani na msafara wa mwili. Kuanzia hapo Cameron ndiye Mzungu pekee.

Usiandike kwamba alifika Katombela, pwani karibu na Benguela, "akiwa na homa". Ilikuwa kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wasiopata matunda na mboga. Chakula kilikuwa kimekwisha, akatupa hema na kitanda akabaki na vifaa, shajara na vitabu, akakimbilia pwani na watu wachache. Jeshi lake lilijua dawa ya ugonjwa huo tangu karne iliyotangulia: maji ya ndimu. Melini yaligawiwa. Msafarani hakuna aliyepewa mzigo wa ndimu.

Kwa miaka ya baadaye: medali ya dhahabu ya Royal Geographical Society 1876, mkutano wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kule Brussels mwaka huohuo, kitabu chake 1877, safari ya Gold Coast na Richard Burton 1882. Alikufa Machi 1894 kwa kuanguka kutoka kwenye farasi akitoka kuwinda, karibu na Leighton Buzzard. Siku yenyewe vitabu vinatofautiana, kwa hiyo taja mwezi na mwaka tu.